Hita ya gari haitoi joto? Anza na maji, dashibodi iache kwanza

Kila mwaka ikifika Juni simu yangu haipumziki. Kuanzia Desemba hadi Aprili hakuna anayekumbuka kwamba gari lake lina hita. Baridi ikishika wiki moja tu, maswali ni yale yale. "Fundi, hita inatoa upepo wa baridi." "Fundi, nimeweka 30 kwenye AC ya otomatiki na miguu bado inaganda." "Fundi, asubuhi nikitoka Uyole kwenda Tukuyu kioo kinajaa ukungu mpaka natoa kichwa dirishani." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Soma hapa, ingia chini ya boneti, ukikwama ndipo upige.

Mimi natengeneza magari hapa Mbeya, na mengi yanayokuja kwangu ni Toyota zilizotumika Japani, zikakaa Dar es Salaam miaka kadhaa, kisha zikapandishwa huku. Safari hiyo ndiyo nusu ya ugonjwa. Japani kuna theluji, kwa hiyo gari lilitoka kiwandani na hita ya nguvu. Dar hita haina kazi. Thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikasumbua, fundi akaitoa akaitupa. Mpira wa hita ukavuja, ukakatwa na kuunganishwa kipande cha bomba. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ikaisha, yakajazwa maji ya bomba. Gari likaendelea kutembea na mwenyewe hakuona tofauti yoyote. Wewe umelinunua, umelipeleka Njombe mwezi wa Julai, sasa unalaumu hita. Ukiichunguza, mara nyingi hita yenyewe ni nzima, ila maji ya moto hayaifikii.

Ndiyo maana fundi akikwambia siku ya kwanza kwamba lazima dashibodi ishushwe, mwombe akuonyeshe kwanza alivyopima maji.

Nadharia ni fupi. Hita ya gari haina koili ya umeme kama ya jiko. Injini ikipata moto, sehemu ya maji yake hupita kwenye mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni, yaani bloa, hupuliza hewa kwenye rejeta hiyo. Kibao cha ndani hugawa hewa: kiasi gani ipite kwenye joto, kiasi gani ikwepe. Kitufe au kinobu unachozungusha huamuru kibao hicho, na kwenye magari ya zamani huamuru pia koki ya maji. Kwa hiyo unachunguza vitu vitatu: maji ya moto, upepo, na kinachoviongoza. Fuata mpangilio huo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 8, 10 na 12, plaizi ya kubania klipu za mipira, tochi ya kuvaa kichwani, beseni, matambara, na glavu nene. Mita ya umeme ikiwepo ni vizuri, ila taa ya kupimia nayo inatosha. Kipimajoto chochote kinachofika nyuzi 100. Kulanti lita 4 au 5, klipu mpya mbili, na gasketi ya thamostati. Kata pia chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati. Ule upande wa mdomo utakuwa faneli yako.

Tenga asubuhi nzima. Injini iwe imelala usiku kucha bila kuwashwa, kwa sababu vipimo viwili vya kwanza havina maana kama gari lina joto.

Mambo manne ya hatari, na sitayarudia:

- Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndani ya rejeta yamebanwa na kifuniko yasichemke hata yakipita 110. Ukikifungua, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni.
- Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Watu wa huku mnajua jiko la mkaa linavyoua chumbani msimu wa baridi. Moshi wa sailensa una sumu ile ile.
- Kulanti ina utamu na inaua. Usiiache kwenye beseni uani penye watoto au mbwa.
- Nyaya zenye plagi za njano ndani ya dashibodi ni za mifuko ya hewa. Ukilazimika kufika karibu nazo, chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90. Hata hivyo nakushauri usifike.

Hatua ya 1: Jiulize shida ni ipi hasa

Washa gari, liache lipate joto, fungua hita mpaka mwisho, bloa kasi ya juu, AC ikiwa imezimwa. Upepo unatoka kwa nguvu lakini wa baridi? Fuata hatua ya 2 hadi ya 7. Upepo hautoki kabisa, au unatoka kwenye kasi moja tu? Ruka hadi hatua ya 8. Joto linakuja ukiwa mwendoni na kupotea ukisimama kwenye foleni ya Mafiati? Una hewa au maji pungufu, na huenda ukamaliza kazi kwenye hatua ya 2.

Andika majibu kwenye karatasi. Wengi hufika gereji wakisema "hita imekufa" wakati bloa ndiyo iliyokufa, na hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Tazama maji, injini ikiwa baridi

Fungua kifuniko cha rejeta yenyewe, usiishie kwenye kitanki cha pembeni. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kitanki kinaweza kuonyesha kiko kati ya alama mbili, safi kabisa, huku rejeta imepungua lita nzima, kwa kuwa mpira wa kifuniko umekauka na hauvuti maji kurudi. Maji yanatakiwa yafike shingoni. Hita hukaa juu kuliko sehemu nyingi za mfumo, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu, yenyewe ndiyo ya kwanza kukosa.

Kisha tazama rangi. Chovya kidole ukisugue na kidole gumba. Ukipata kitu kama chai ya rangi yenye chengachenga, hiyo ni kutu ya miaka ya maji ya bomba, na huenda rejeta ndogo ya hita imeziba. Ukipata uji mweupe wa maziwa au mafuta yanayoelea, funga boneti. Hiyo dalili ni ya gasketi ya silinda hedi, na hita si tatizo lako kubwa leo.

Kifuniko nacho kitazame. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, ndilo shinikizo linaloshika. Mpira ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama plastiki, nunua kingine chenye namba ile ile. Huku juu kifuniko kilichochoka kinakuumbua mapema kuliko pwani, kwa sababu ya zile nyuzi 94.

Kama maji yalikuwa pungufu, jaza, nenda hatua ya 6 utoe hewa, kisha upime hita. Ila maji hayapotei bure. Chungulia chini ya gari, kwenye pampu ya maji, na chini ya zulia la abiria wa mbele.

Hatua ya 3: Thamostati ipo, na ni nzima?

Washa injini ikiwa baridi na uiache iungurume. Kila dakika mbili gusa sehemu ya chini ya rejeta kubwa kwa mkono. Jihadhari na feni ya umeme, inaweza kuanza bila taarifa. Thamostati nzima hufunga njia ya rejeta mpaka maji yafike nyuzi 80 na ushei, kwa hiyo kule chini kunatakiwa kubaki baridi kwa dakika nyingi, halafu joto lije. Kama rejeta inapata uvuguvugu taratibu tangu dakika za mwanzo, thamostati imekwama wazi au haipo kabisa.

Dalili nyingine ni geji. Sindano ikipanda mpaka karibu na katikati ukiwa kwenye foleni, kisha ikashuka ukiteremka mlima, hiyo ni thamostati. Vitz na wenzake wadogo hawana geji, wana taa ya bluu inayomaanisha injini bado baridi. Taa hiyo isipozimika kwa dakika kumi na tano za kuendesha, au ikazimika na kurudi, jibu ni lile lile.

Kuitoa si kazi. Toyota nyingi za petroli zimeiweka upande wa mpira wa chini wa rejeta, pale unapoingia kwenye injini. Fuata mpira kwa mkono utafika. Mwaga maji kwenye beseni, fungua nati mbili au tatu, nyingi ni namba 10. Ukikuta shimo tupu, karibu kwenye chama. Ukiikuta, ichemshe:

- Ifunge kwa uzi, iningʼinize ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini.
- Weka kipimajoto, washa moto mdogo.
- Tazama inaanza kufunguka nyuzi ngapi. Joto hilo limegongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82.
- Zima moto, uone kama inafunga yenyewe maji yakipoa.

Hapa kuna mtego wa watu wa milimani. Vitabu vya kiwanda husema thamostati ifikie upana wake kamili kwenye nyuzi 95. Sufuria yako Mbeya haifiki 95, na ya Njombe au Makete ndiyo kabisa. Usiitupe kwa sababu haikufunguka mpaka mwisho. Angalia inaanza lini na kama inafunga. Niliwahi kutupa mbili nzima kabla sijashtuka.

Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wake kikae juu, ndiyo njia ya hewa kutoka. Weka gasketi mpya. Gundi ya silikoni ya kujaza kila mahali iache, vipande vyake vitasafiri hadi kwenye rejeta ya hita unayojaribu kuiokoa.

Na wale wanaosema "nchi ya joto haihitaji thamostati": joto la wapi? Hata Dar ni makosa. Injini isipofika joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, oili inabaki nzito, na mafuta yanaisha. Tena kwenye injini ambazo thamostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa njia hiyo inabaki wazi, maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari likipanda mlima Kitonga na mzigo linachemka, na fundi anasema afadhali tuliitoa.

Hatua ya 4: Shika mipira miwili ya hita

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Injini ikiwa ya moto, hita imefunguliwa mwisho, tafuta mipira miwili myembamba inayoingia kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi. Kwenye Hiace na magari yanayokalia injini utaisaka kwa chini. Vaa glavu kwanza, kisha gusa kwa nyuma ya vidole.

Yote miwili ni ya moto, hushiki sekunde tatu: maji yanafika. Shida ni kibao cha hewa, nenda hatua ya 8.

Mmoja wa moto, mwingine uvuguvugu au baridi: maji yanaingia na hayatoki. Koki imefungwa (hatua ya 5) au rejeta ya hita imeziba (hatua ya 7).

Yote baridi huku injini ina joto: kuna hewa, koki imefungwa kabisa, pampu ya maji imechoka, au mipira haifiki popote. Hilo la mwisho usilicheke. Baba mmoja wa Makete aliniletea Noah aliyoinunua miezi miwili nyuma. Ndani alikuwa amebadilishiwa kitufe cha AC, bloa na filta, hita bado baridi kama asubuhi ya Kitulo. Nilipofungua boneti nikakuta mpira mmoja unatoka kwenye injini, unakunja kama kiwiko, unarudi kwenye injini. Zile ncha mbili za hita zilikuwa zimezibwa na vipande vya tambi ya gunia. "Mzee," nikamwambia, "hii hita haijaona maji tangu pwani."

Ukikuta hivyo, usikimbilie kuunganisha. Kuna aliyefanya hivyo kwa sababu, na mara nyingi ni kwamba rejeta ndogo inavuja. Unganisha mipira kwa majaribio, endesha kidogo, kisha ingiza mkono chini ya zulia la abiria. Maji, harufu tamutamu, au utando wa kunata kwenye kioo cha mbele ni uthibitisho. Rejeta hiyo inabadilishwa. Usimwage dawa ya kuziba matundu. Itaziba tundu na pia vijia vingine vyote.

Hatua ya 5: Koki na waya wake

Kwenye Toyota nyingi za zamani, Hiace na Corolla za miaka ya 1990 kwa mfano, kinobu cha joto kinavuta waya unaofungua koki kwenye mpira mmoja wa hita. Mtu mmoja akae ndani azungushe kinobu kutoka baridi hadi moto. Wewe tazama mkono wa koki: unatembea wote, nusu, au hautembei?

Mara nyingi kiklipu kinachoshika ganda la waya kimechomoka, kwa hiyo waya unacheza bila kuvuta. Rudisha, bana, umemaliza ndani ya dakika tano, wala usimlipe mtu. Koki ikiwa ngumu, isogeze polepole kwa mkono ukiweka mafuta kwenye ekseli yake. Ukiilazimisha kwa plaizi itavunjika. Ni plastiki iliyopikwa miaka ishirini na tano.

Waya ukikatika, utasikia ushauri wa kuweka waya wa breki ya baiskeli. Unavuta vizuri, lakini hausukumi, kwa kuwa ni laini. Utafungua hita, na siku ya jua ukienda Chunya haitafunga. Tafuta waya mgumu wa aina ile ile kwenye maduka ya spea za zamani.

Hatua ya 6: Toa hewa

Kila ukimwaga maji, hewa inaingia, na hewa hupenda kukaa kwenye hita. Ukisikia sauti ya maji yakitiririka nyuma ya dashibodi unapokanyaga mafuta, hiyo ndiyo hewa.

1. Elekeza gari pua juu kwenye mteremko. Milima tumejaliwa. Vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya matairi.
2. Injini iwe baridi. Fungua kifuniko, chomeka faneli yako ya chupa, fungua hita mwisho.
3. Jaza maji mpaka yaonekane kwenye faneli. Washa injini, iungurume.
4. Povu litatoka, maji yatashuka. Ongeza. Minya mpira mkubwa wa juu mara kwa mara kwa glavu, utaona povu jingine likipanda.
5. Endelea mpaka thamostati ifunguke (rejeta ya chini inapata joto) na feni iwake na kuzima mara mbili. Maji yakianza kupanda kwa nguvu kwenye faneli, zima gari usubiri, usikae umeinamia pale.
6. Mipira yote miwili ya hita ikiwa ya moto na povu limekoma, zima. Injini ikipoa toa faneli, jaza shingo, funga, jaza kitanki hadi alama ya juu.
7. Kesho asubuhi tazama tena. Karibu kila mara kitanki kinakuwa kimeshuka kidogo.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Watu wanajaza, wanafunga, wanaondoka baada ya dakika tano. Thamostati hata haijafunguka, hewa yote bado imo. Mtu wa namna hiyo akipanda mlima wa kona Hamsini na Saba kutoka Chimala kwenda Matamba, zile kona zote zinamsubiri.

Hatua ya 7: Osha rejeta ya hita

Fanya hivi kama mpira mmoja ni wa moto, mwingine baridi, na koki iko wazi.

Injini ikiwa baridi, mwaga maji, kisha chomoa mipira yote miwili kwenye ukuta wa chuma. Usivute moja kwa moja. Zungusha mpira kwanza uachie. Ukigoma, upasue kwa urefu kwa wembe na ununue mwingine. Mpira unanunulika. Kijibomba cha rejeta ya hita ni laini, ukikipinda ndipo dashibodi itashushwa kweli.

Chomeka mpira wa bustani kwenye njia ya kutokea, upande ule uliokuwa baridi, ili uchafu urudi ulikotoka. Weka beseni upande wa pili. Fungua bomba kidogo, kama maji ya kunawa. Yatatoka ya kahawia, meusi, pengine na magamba. Baada ya dakika tatu badilisha upande. Endelea kubadilisha mpaka yatoke safi pande zote na kwa kasi sawa na yanavyoingia.

Mashine ya kuoshea magari usiisogeze. Nimeona mtu akiipasua rejeta kwa sekunde moja, na zulia lote likawa bwawa. Maji ya betri nayo marufuku: yanakula kutu, na yanakula rejeta pia.

Ukimaliza rudisha mipira kwa klipu mpya na ujaze kulanti. Kama chupa haijaandikwa kuwa imeshachanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Rangi ya kulanti isikutishe wala isikutulize. Kijani, nyekundu na bluu ni rangi tu, soma maandishi. Anayelala Kitulo au Makete msimu wa umande wa barafu ana sababu ya ziada ya kuacha maji matupu. Sisi wengine sababu yetu ni kutu.

Rudia hatua ya 6 yote.

Hatua ya 8: Upepo na kinachouongoza

Bloa haifanyi kazi kabisa: tazama fyuzi, halafu rilei, halafu plagi ya bloa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Ukigonga bloa kwa mpini wa bisibisi ikaamka, brashi zake zimekwisha. Fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Bloa iliyochoka inavuta umeme mwingi, na kinachofuata kuungua ni nyaya.

Bloa inafanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu: ni rezista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya bloa. Imefungwa kwa skrubu mbili karibu na bloa. Kazi ya dakika ishirini.

Upepo dhaifu kwenye kasi zote: vuta droo, toa filta. Ukitembea barabara za vumbi utakuta blanketi la udongo lenye majani ya msonobari. Nimewahi kukuta kiota cha panya kilichojengwa kwa karanga za mwenye gari.

Upepo mzuri, mipira ya moto, na hewa baridi: kibao hakigeuki. Lala chini ya dashibodi na tochi, mtu azungushe kinobu. Kwenye ya waya utaona kikono kikicheza. Kwenye ya mota utasikia mlio mdogo wa kuzunguka. Tik-tik-tik isiyoisha ni jino la gia lililovunjika.

AC ya otomatiki inakuambia yenyewe. Kwenye Toyota nyingi, bonyeza AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, shikilia, kisha fungua swichi ya gari. Taa zitamulika, halafu namba zitaonekana pale penye nyuzi. 00 ni salama. 11 ni kihisio cha joto la ndani, 12 cha nje, 13 cha kwenye kipoozeo cha AC. 31 na 41 ni kibao cha kuchanganya joto na mota yake. 21 ni kihisio cha jua. Ukipima ndani ya banda au jioni itatokea hata kama ni kizima, kwa hiyo toa gari juani kabla ya kununua chochote. Bonyeza OFF kutoka.

Kabla ya kununua kihisio cha ndani, tafuta kitundu chenye wavu mdogo karibu na usukani. Hapo gari linavuta hewa kidogo kujua ndani kuna nyuzi ngapi. Mkivisha dashibodi zile manyoya za urembo mnakiziba, hewa ya nyuma ya dashibodi ina joto, gari linadhani mmeshapata moto, linafunga. Ondoa manyoya, safisha wavu kwa brashi ya rangi, jaribu tena.

Bado kuna shida?

Joto lipo ukikanyaga mafuta, ukisimama linapotea. Maji pungufu au hewa kwanza. Kama vimeshatengenezwa, pampu ya maji. Mapanga yake yameliwa na kutu.

Umetoa hewa mara tatu na povu haliishi. Acha. Huenda gesi ya silinda inaingia kwenye maji kupitia gasketi ya hedi. Peleka ikapimwe.

Geji inapanda kwenye nyekundu na hita inatoa baridi. Simama sasa hivi, zima injini. Maji hayapo, na kila dakika unayoongeza inakula hedi.

Geji inapanda mlimani lakini hita inatoa moto mkali. Maji yapo. Zima AC, fungua hita na bloa mwisho, fungua madirisha. Hita inakuwa rejeta ya pili. Utatoka jasho, ila unaweza kufika mahali pa kuegesha salama.

Hita haizimiki. Koki au kibao kimekwama upande wa moto. Hatua ya 5 na ya 8, kwa kuangalia upande wa pili.

Joto lipo ila kioo bado kina ukungu. Hapa watu wa njia ya Isyonje ndio wengi. Toa kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ingiza ya nje, elekeza upepo kiooni, washa hita na AC kwa pamoja. Ndiyo, AC kwenye baridi: inakausha hewa, hita inaipasha. Ukungu ukiwa wa kunata na unaacha mafuta kwenye kitambaa, rudi kachungulie chini ya zulia.